Lugha ya Gitaa: Uhakiki wa Istilahi za Nadharia ya Muziki katika Mchafukoge na Kariakoo

Mpiga gitaa aliyekwisha kutumika katika bendi miaka kumi, siku anapoazimia kujifunza nadharia ya muziki, aghalabu hukutwa na jambo la ajabu: huambiwa kwamba hajui kitu. Mkono wake wajua mahali pa kila sauti. Sikio lake hulitambua kosa la mwenziwe kabla halijapita. Na mwimbaji akija na koo lililokauka, aweza kuushusha wimbo mzima pasipo kusita. Lakini akiulizwa ni jambo gani alilolitenda, hukosa neno. Na kwa kuwa hana neno, mwalimu hudhani kwamba hana na maarifa. Hapo pana kosa linalostahili kuhakikiwa, nalo ni kosa la lugha kabla ya kuwa kosa la muziki.

Wataalamu wa lugha hawana udhuru wa kulinyamazia kosa hilo, kwa maana katika fani yao wenyewe lilikwisha kusahihishwa zamani. Mtoto wa Kariakoo ambaye hajaingia darasani husema "kiti kimevunjika" na "viti vimevunjika", wala hachanganyi. Hata hivyo hajapata kulisikia neno ngeli. Hakuna mwanaisimu atakayethubutu kusema kwamba mtoto huyo hana sarufi. Sarufi anayo, asichokuwa nacho ni majina ya kuitajia. Basi kazi ya mwalimu wa sarufi si kumtia mtoto lugha, bali ni kumfumbulia ile aliyo nayo, ili aweze kuitazama, kuipima na kuiongeza. Kwa mpiga gitaa nadharia ya muziki ndiyo sarufi hiyo. Swali ni moja tu: imfikie kwa maneno gani?

Mahali panapofaa kulitazama swali hili ni Mchafukoge na jirani yake Kariakoo, katikati ya Dar es Salaam. Kariakoo ilipata jina lake kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Baina ya mitaa hiyo ya Waafrika na upande wa mji uliokuwa ukiitwa Uhindini, serikali ya kikoloni iliuacha wazi uwanja wa Mnazi Mmoja ili kuwatenga watu. Watu walitengwa, lakini muziki haukutengeka. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, na mwaka uliofuata zikaanza kutoka sahani za santuri za mfululizo wa GV, zilizozieneza nyimbo za Kuba katika Afrika. Baadaye zikaja Nuta Jazz mwaka 1964 na Mlimani Park mwaka 1978, na ukumbi wa DDC Kariakoo ukawa mmojawapo wa nyumba za hiyo ya pili. Kwa muda unaokaribia karne moja, basi, vijana wa mitaa hii wamelisikia gitaa likipigwa kwa ustadi hatua chache kutoka milango ya nyumba zao. Kama kuna mahali ambapo Kiswahili kingepaswa kuwa na maneno ya gitaa, ni hapa.

Na kweli maneno yapo. Dhiki iliyopo ni kwamba yatoka katika visima vitatu, na maji ya visima hivyo hayajapata kuchanganywa katika mtungi mmoja.

Kisima cha kwanza ni kwaya. Wamisionari walileta mfumo wa do, re, mi, uliobuniwa Uingereza na Sarah Glover na kuenezwa na John Curwen katika karne ya 19, ambamo sauti huandikwa kwa herufi badala ya kuwekwa juu ya mistari mitano. Mfumo huu ulishika mizizi katika Afrika, hata Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, alipoutunga mwaka 1897 wimbo ambao lahani yake Watanzania waijua kwa jina la Mungu Ibariki Afrika, aliuandika kwa herufi hizo. Kwaya za Kiswahili ziliongeza lao: makundi manne ya waimbaji yaliitwa kwa namba tu, sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne.

Kisima cha pili ni taarabu. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa Unguja mwaka 1905, na katika mapokeo yake maneno ya ufundi ni ya asili ya Kiarabu: lahani, wizani, na zile maqamu zenye majina kama rasti, bayati na hijazi. Kisima cha tatu ni bendi za dansi, ambazo maneno yake yalikuja na ala zenyewe kwa njia ya Kiingereza, santuri na wanamuziki wa Kongo: solo, rithimu, besi, kodi, kii. Kijana wa gitaa hunywa kisima cha tatu usiku, cha kwanza Jumapili ikiwa ni mwanakwaya, na cha pili kila harusi inapopita mtaani. Hakuna aliyemwonyesha kwamba visima hivi vyote vina maji ya aina moja.

Yafaa sasa baadhi ya maneno hayo yapimwe moja moja, ionekane ni lipi lafundisha na ni lipi lapotosha.

Jambo la kwanza ambalo kila mwanafunzi hulikuta ni majina ya sauti zilizo mbalimbali kwa kimo. Vitabu husema sauti ya juu na sauti ya chini. Katika gitaa maneno haya ni mtego. Mpigaji akilipakata gitaa lake, uzi utoao ile inayoitwa sauti ya chini huwa juu, karibu na uso wake, na uzi utoao sauti ya juu huwa chini, karibu na goti. Tena, ili sauti ipande, mkono wa kushoto hushuka kutoka kichwa cha gitaa kuelekea tumbo lake. Mwalimu asemapo "panda", mkono hushuka. Asemapo "uzi wa juu", mwanafunzi hushika uzi usio wake. Muda mwingi hupotea kwa ajili ya tafsiri hiyo peke yake.

Lakini Kiswahili kilikuwa na maneno yake kabla ya vitabu hivyo. Mzee wa pwani hasemi kwamba fulani ana sauti ya chini. Husema ana sauti nene. Na mtoto ana sauti nyembamba. Picha hiyo yakubaliana na gitaa kuliko picha ya ngazi. Uzi mnene hutoa sauti nene, uzi mwembamba hutoa sauti nyembamba. Jicho, kidole na sikio hushuhudia jambo lile lile kwa neno lile lile. Wala haikomei hapo. Mwaka 1636 Mfaransa Marin Mersenne alichapa kanuni za nyuzi, kwamba sauti ya uzi hutegemea uzito wake, urefu wake na mkazo wake. Mwanafunzi aliyeanza na unene yuko tayari kuyapokea mengine mawili: akikaza uzi, sauti hukonda, akiufupisha kwa kidole, sauti hukonda vilevile, akiukata katikati kabisa, kwenye freti ya 12, hupata sauti yenye jina lile lile la kwanza, ila nyembamba zaidi. Somo zima la asili ya sauti limo ndani ya vivumishi viwili ambavyo kila Mswahili anavyo. Kuvitupa na kushika "juu" na "chini" ni kuuza mbuzi na kununua kamba yake.

Neno la pili ni ufunguo. Hili limetafsiriwa kwa uaminifu mkubwa na faida ndogo. Kiingereza huliita kwa jina la ufunguo lile jambo la wimbo kuwa na sauti moja ambayo ndiyo makao yake. Kifaransa huita kwa jina la ufunguo ile alama iandikwayo mwanzoni mwa mistari mitano. Kiswahili kimeyapokea yote mawili. Matokeo yake, "ufunguo wa G" waweza kumaanisha kwamba makao ya wimbo ni G, au kwamba karatasi ina ile alama ya kuonyesha uzi upi wa mistari ni G. Na wimbo ulioandikwa kwa alama hiyo waweza kuwa na makao yake penginepo kabisa. Neno moja likibeba mizigo miwili ya njia moja, mwanafunzi hana namna ya kuitenga.

Hapa kisima cha kwaya chaweza kuusaidia upungufu wa kisima cha bendi. Juu ya karatasi ya kwaya huandikwa kwa ufupi kwamba do ni G, au do ni F. Maneno hayo hayahitaji ufunguo wala mlango. Yasema kwamba wimbo una do yake, na leo do hiyo imewekwa mahali fulani. Kesho yaweza kuhamishwa, na ndugu zake wote watahama pamoja nayo. Mpiga gitaa hulitenda jambo hilo kila siku. Akishika kodi kwa kulaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita, umbo la vidole hubaki lile lile, na mkono husogea freti mbili mbele: wimbo umehama, umbo halikubadilika. Do ihamayo ya mwanakwaya na umbo lihamalo la mpiga gitaa ni fikira moja, ya kwanza ikikaa mdomoni na ya pili mkononi. Ni hasara kwamba mtu mmoja huweza kuwa na zote mbili, Jumapili na Jumamosi, asijue kwamba ni moja.

Katika bendi zenye ala za kupuliza jambo hili si la nadharia tupu. Tarumbeta ya kawaida na saksafoni ya alto hutoa sauti iliyo tofauti na jina la noti inayochezwa. Kwa hiyo mpiga gitaa akitaja G, mwenye tarumbeta yampasa acheze A, na mwenye alto acheze E. Majina ya herufi yatupwapo hewani namna hiyo huzaa ugomvi. Mwanamuziki kama Michael Enoch, aliyepitia Dar es Salaam Jazz kabla ya Mlimani Park na aliyelijua gitaa na ala za kupuliza, alilazimika kuwa na mizani ya mambo hayo kichwani. Lakini bendi ikisema "anza kwenye so, shuka mi, rudi do", wote watatu husikia amri moja, kila mtu akaitafsiri kwa ala yake.

Neno la tatu, au tuseme jozi ya tatu, ni meja na maina. Hapa inafaa kuusifu mkopo dhidi ya tafsiri. Mwenye kutafsiri neno kwa neno angesema kodi kubwa na kodi ndogo, na angempotosha mwanafunzi moja kwa moja. Kwa sababu baina ya sauti ya kwanza na ya mwisho ya kodi hizo mbili umbali ni ule ule, freti saba. Kinachobadilika ni sauti ya katikati peke yake: katika meja imekaa freti nne kutoka ya kwanza, katika maina freti tatu. Hakuna ukubwa wala udogo hapo. Neno geni lisilo na maana ya awali katika lugha ni kama chombo kitupu. Hujazwa kile kinachofundishwa. Tafsiri mbaya ni chombo kilichokwisha kujaa kitu kingine. Hali kadhalika hapana haja ya kuliogopa neno kodi kwa kuwa linafanana na kodi ya nyumba. Wanaotumia maneno hayo hawajapata kugongana; mwenye nyumba na mpiga gitaa hukutana kwa dhiki nyingine, si kwa utata wa maana.

Mfano huo wa kodi waonyesha jambo kubwa zaidi, kwamba freti zenyewe ni istilahi tosha. Ngazi ya meja, ambayo vitabu huieleza kwa hatua nzima na nusu hatua, kwa mpiga gitaa yaweza kusemwa hivi: kutoka do, freti mbili, mbili, moja, mbili, mbili, mbili, moja. Ukizijumlisha ni 12, nayo ndiyo freti inayoukata uzi katikati. Mtu akipewa sentensi hiyo na uzi mmoja, aweza kuipata ngazi mahali popote shingoni bila ya kitabu. Pale penye moja, baina ya mi na fa na baina ya ti na do, atagundua mwenyewe kwa nini wimbo huonekana kutaka kutua. Na akitoka hapo kwenda kwenye udi wa taarabu, usio na freti, ataelewa kwa nini maqamu fulani huwa na sauti ambazo gitaa lake halina nafasi yake ila kwa kuuvuta uzi kwa nguvu. Kisima cha tatu kimemfikisha kwenye cha pili.

Maneno ya wakati yana shida zaidi. Neno mizani lapendwa na wote, nalo lina heshima ya kale katika ushairi. Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilichotoka mwaka 1954, aliliweka wazi: mizani ni hesabu ya silabi, na mshororo wa shairi la kawaida hubeba mizani 16, nane kila kipande. Lakini mapigo ya muziki si silabi. Mwimbaji aweza kuikalia silabi moja kwa mapigo matatu, na kuzimimina nne katika pigo moja. Mizani ya shairi haikupungua wala kuongezeka, bali mapigo yamekwenda njia yake. Mwalimu asemaye "wimbo huu una mizani minne" mbele ya kijana aliyesoma ushairi shuleni hujenga nyumba juu ya msingi wa jirani. Afadhali mizani ibaki kwa silabi, na pigo lishike kazi ya pigo. Kuhusu sehemu moja ya mapigo yaliyofungwa pamoja, bendi husema baa. Na kwa kuwa bendi hupiga baa, neno hili lina utani ndani yake usiofaa darasani. Washairi wana neno kipande, lenye maana ya sehemu ya mshororo inayotimia kwa hesabu yake. Laweza kuazimwa bila ya kuumiza mtu.

Yamebaki maneno ambayo bendi zimeyaunda au kuyageuza zenyewe, na hayo ndiyo yenye thamani kubwa kwa mchunguzi. Solo katika Kiitaliano ni "peke yake". Katika bendi za Dar es Salaam neno hilo halimaanishi upweke hata kidogo: gitaa la solo hupiga tangu mwanzo hadi mwisho, likiwa pamoja na wenzake, na tena bendi nyingi zina solo ya pili. Mtaalamu wa Ulaya atacheka, kwamba wapweke wawili wamekaa kiti kimoja. Kicheko hicho ni cha asiyesikiliza. Neno limehama maana, kama maneno yahamavyo katika kila lugha iliyo hai. Solo ni gitaa lisemalo, solo ya pili ni liitikialo na kujaza mapengo, rithimu hushika uwanja, na besi hubeba uzito. Mpango huo wa kazi wafanana na ule wa ngoma, ambamo chapuo, vumi na msondo hazigawani kimo cha sauti tu, bali zagawana wajibu. Na si bure kwamba bendi zilichukua majina ya ngoma kuita mitindo yao: Nuta ikashika Msondo, na Mlimani Park Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo.

Vivyo hivyo neno chemko. Wimbo wa dansi huanza kwa sehemu ya taratibu, yenye beti na maelezo, kisha hufika mahali ambapo mwendo huongezeka, magitaa hukamatana, na wachezaji hujaa uwanjani. Hapo ndipo penye chemko. Nadharia ya vitabu huzipa sehemu za wimbo majina kwa umbo lake, la kwanza, la pili, la kurudiwa. Chemko ni jina litokanalo na kitendo, tena kitendo cha moto na sufuria: hakitokei ghafula, kina matayarisho yake, na kikipita kiasi hufurika. Mwanafunzi akiulizwa kwa nini chemko ya wimbo fulani haikuchemka, jibu lake litakuwa uchambuzi wa muziki, atake asitake: rithimu iliongeza mwendo kabla ya besi, solo ilikwisha kusema yote mapema, kodi hazikupungua. Maswali ya namna hiyo ndiyo nadharia, na Kiswahili kimekwisha kuyaandalia mlango.

Ubishi waweza kutokea hapa kwamba maneno peke yake hayatoshi, na kwamba muziki hauna budi kuandikwa. Mfano mzuri wa kulipima dai hilo wapatikana nje ya Dar es Salaam, lakini ndani ya Kiswahili. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, kijana aitwaye Mwenda Jean-Bosco, aliyeimba kwa Kiswahili cha Katanga na kulicharaza gitaa kwa kidole gumba na cha shahada. Mwaka 1961 na 1962 David Rycroft alichapa katika jarida la African Music makala mbili za kuyachambua magitaa ya Mwenda, akiyaandika kwa noti. Kazi hiyo ilikuwa ya heshima, nayo iliwathibitishia wasomi kwamba kilichokuwa kikipigwa na vijana wa migodini kina mpango wa ndani unaostahili uchambuzi. Lakini noti huonyesha sauti iliyotoka, si kidole kilichoitoa. Sauti ya uzi wa kwanza ukiachwa wazi hupatikana pia kwenye freti ya tano ya uzi wa pili, ya tisa ya uzi wa tatu na ya 14 ya uzi wa nne. Kwenye mistari mitano zote ni doa moja; mkononi ni njia nne, na mtindo wa mpigaji umo katika kuchagua njia. Ndiyo maana John Low, ambaye kitabu chake juu ya wapiga gitaa wa huko kilitoka mwaka 1982, aliona ni lazima asafiri akaketi nao, aitazame mikono. Karatasi ilimfikisha mlangoni. Kuingia ndani kulitaka mwenyeji.

Kwa hiyo pande mbili zinazovutana juu ya jambo hili zote zina upungufu. Upande mmoja husema kwamba asiyesoma noti si mwanamuziki. Huu wachukua chombo kimoja cha kuhifadhia na kukiita akili yenyewe. Na mbele ya hoja ya njia nne za sauti moja hauna jibu. Upande wa pili husema kwamba muziki ni karama, na kwamba kitabu kitaua mkono. Huu ni hatari zaidi, kwa sababu hujifanya rafiki wa mpigaji. Washairi wa Kiswahili walikuwa na karama kabla ya mwaka 1954, wala kitabu cha Amri Abedi hakikuwaua. Kilichotokea ni kwamba mtu wa mbali asiye na mwalimu wa ushairi nyumbani aliweza kuanza. Karama isiyo na maneno hupita tu kwa kuketi miguuni pa mwenye nayo. Mwenye nayo akifa, na aliyeketi akiwa mmoja tu, njia imefungwa.

Na wenye nayo wanakufa. Katika miaka ya 1970 bendi nyingi zilirekodiwa na Redio Tanzania Dar es Salaam, na sauti hizo zingalipo. Lakini kanda haisemi ni uzi gani uliopigwa, wala kwa nini solo ya pili ilinyamaza kabla ya chemko. Kuna na madhara ya mfukoni. Katika desturi ya bendi, mtunzi huleta maneno na lahani, na wapiga magitaa huunda sehemu zao mazoezini. Wimbo hubaki na jina la mtunzi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humtambua mwenye kazi, lakini mtu asiyeweza kuieleza kazi yake ataidai vipi? Atasema "ile ya mwanzo niliitoa mimi", na hatakuwa na la kuongeza. Istilahi katika hali hiyo si pambo la wasomi. Ni hati ya mtu.

Itasemwa kwamba vitabu vipo. Ni kweli: Kelly Askew mwaka 2002 na Alex Perullo mwaka 2011 waliandika vitabu vikubwa juu ya muziki na maisha ya wanamuziki wa Tanzania, na yeyote atakayelichunguza jambo hili hana budi kuvisoma. Lakini vimeandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya wasomi, wala havikukusudiwa kumfundisha mpiga gitaa kitu mkononi. Shule nazo zipo: Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, Unguja, mwaka 2002. Kazi yao haiwezi kudharauliwa. Pengo lililobaki ni la kitabu kimoja kidogo cha Kiswahili, kitakachomchukua mpigaji kutoka pale alipo.

Sifa za kitabu hicho zaweza kutajwa tangu sasa. Kianze na unene na wembamba wa sauti, si na mistari mitano. Kihesabu kwa freti. Kiazime do ihamayo kutoka kwaya, na kiiunganishe na umbo la kodi lihamalo mkononi. Kiache meja, maina na kodi kama yalivyo, kwa kuwa yamekwisha kuzoeleka na hayadanganyi. Kitenge mizani na pigo. Kichukue solo, solo ya pili, rithimu, besi na chemko kwa maana yake ya Dar es Salaam, kiyaeleze kwa ukamilifu, pasipo kuomba radhi kwa Kiitaliano. Noti zije mwishoni, kama hati za Kiarabu au za Kirumi zijavyo baada ya mtoto kujua kusema. Na zikija, ziandamane na namba ya uzi na ya freti.

Kitabu cha namna hiyo hakitaandikwa na mwanaisimu peke yake, kwani hajui mkono. Wala na mpiga gitaa peke yake, kwani hajazoea kulipima neno. Chahitaji waketi pamoja, mmoja akiuliza na mwingine akipiga. Hilo ni jambo la haraka kuliko kamati nyingi za istilahi, kwa kuwa maneno yanayotafutwa hayamo maktabani. Yamo vinywani mwa wazee ambao wengi wao hawajaulizwa.